Nilisema mama hana kazi, naye alikuwa amesimama pembeni yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mhasibu, nina mume na mtoto mmoja. Kwetu tumezaliwa watano, mimi ni wa pili. Nakuandikia kwa sababu nimemuumiza mama yangu kwa maneno mawili, na kila nikijaribu kuyafuta naona yanazidi kukolea.

Miezi minne iliyopita nilimpeleka hospitali, maana presha yake ilikuwa imepanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza pale, kwa hiyo dada wa mapokezi alimfungulia faili. Akauliza jina, umri, namba ya simu, ndugu wa karibu. Mimi ndiye niliyekuwa nikijibu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi ofisini. Akafika kwenye kazi. "Mama anafanya kazi gani?" Nikasema, "Hana kazi, yuko nyumbani tu." Yule dada akaandika, akaendelea na swali jingine. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Hakusema kitu.

Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponiuliza, bila kunitazama: "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nimekaa tu?" Nikacheka. Nikamwambia, "Mama nawe, ile ni fomu tu." Akanyamaza mpaka tulipofika.

Tangu siku hiyo amebadilika. Alikuwa na kawaida ya kunipigia simu alfajiri kabla sijatoka. Hata kama hakuna jambo, atauliza mjukuu wake ameamkaje. Siku hizi hapigi. Nikipiga mimi anapokea, anajibu vizuri, ananiombea dua kama zamani, lakini anaongea kama mtu anayezungumza na mgeni.

Nikueleze kidogo habari zake. Ana miaka 67. Hakuwahi kuajiriwa. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, akihamishwa kila baada ya miaka michache, na kila mara yeye alitangulia, mama akabaki nyuma na sisi, akifunga mizigo na kutafuta shule za kutuhamishia. Alikuwa na cherehani. Usiku akishona nguo za watu, na pesa ile ndiyo iliyokuwa ikinunua madaftari yetu. Mtaani yeye ndiye anayegongewa mlango mtu akishikwa na uchungu usiku wa manane, na kikundi chao cha akina mama cha kusaidiana yeye ni mwekahazina tangu mimi niko darasa la tatu. Sasa hivi anamuuguza baba, ambaye alipata kiharusi miaka miwili iliyopita na upande mmoja haufanyi kazi, na anakaa na watoto wawili wa kaka yangu mkubwa, maana kaka anafanya kazi mbali na aliachana na mkewe.

Kaka ndiye aliyetoa wazo la kumfanyia mama sherehe kubwa Siku ya Mama. Tumeshachanga, ukumbi umelipiwa nusu, mshereheshaji na mpiga picha wamepatikana. Tulipomwambia, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Msijisumbue, wanangu. Mtu asiye na kazi anasherehekewa kwa lipi?" Akainuka kwenda kumgeuza baba kitandani.

Kaka amekasirika. Anasema mama amekuwa mtu wa kununa na hana shukrani. Wenzangu wote wanashangaa hayo maneno yametoka wapi. Mimi peke yangu ndiye ninayejua, na sijawaambia kwa aibu.

Kuna jingine, Shangazi. Baba alipostaafu, miaka tisa iliyopita, tulimfanyia hafla. Kila mmoja wetu alisimama akamshukuru kwa kutusomesha na kutujengea nyumba. Wiki iliyopita nilitafuta video ya siku ile nikaitazama yote. Mama anaonekana mara mbili tu, na mara zote mbili amebeba sinia. Nami naonekana nimeshika kipaza sauti nasema, "Baba, bila wewe nisingekuwa hapa nilipo."

Je, tuendelee na sherehe au tuiache? Na mtu anayesema hajakasirika anaombwaje msamaha?

Binti wa Pili

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona yale maneno ya mapokezini, kama ulivyotaka niyaone. Mara ya tatu ndipo nilipoona jambo ambalo wewe umelipitia mbio: mwanamke wa miaka 67, mwenye presha, anauguza mgonjwa wa kiharusi na kulea watoto wawili wadogo, kwa wakati mmoja, ndani ya nyumba moja. Umelitia katika sentensi moja baada ya habari za cherehani, kama mtu anayetaja rangi ya ukuta. Nitarudi hapo, maana jibu langu kubwa liko hapo. Kwanza tuyamalize ya hospitali.

Unasema umemuumiza kwa maneno mawili. Sidhani maneno mawili yanaweza peke yake kumnyamazisha mwanamke aliyelea watoto watano huku akihama mji hadi mji. Nadhani alikuwa na swali moyoni kwa muda mrefu, na siku ile akasikia jibu. Mama yako alikuwepo kwenye hafla ya baba yenu. Alizisikia hotuba zote tano. Hakulalamika, akabeba masinia, akangoja. Miaka tisa baadaye, mtoto wake ambaye riziki yake ni kuhesabu akaulizwa waziwazi, "Mama anafanya kazi gani?" Ukajibu bila hata kufikiri. Kutokufikiri huko ndiko kulikouma. Angekusikia ukisita, hata kidogo, angekuwa na cha kushika.

Sikuambii haya ujichape. Nataka tu uache ile kauli ya "ni fomu tu", hata ukiwa peke yako.

Kwa sababu fomu ile haikujitengeneza. Kwa vizazi vingi takwimu za dunia hazikuhesabu malezi na shughuli za nyumbani zisizolipwa kuwa kazi. Mwanamke akimlea mtoto wa jirani kwa mshahara, ameajiriwa. Akimlea wa kwake, hana kazi. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi kutoka nchi nyingi walikutana Geneva, chini ya Shirika la Kazi Duniani, wakakubaliana kulirekebisha: kazi ni shughuli yoyote ya kutengeneza vitu au kutoa huduma, iwe kwa matumizi ya wengine au ya mwenyewe, yenye malipo au isiyo na malipo. Hata hivyo kwenye madirisha ya mapokezi na kwenye ndimi zetu lugha bado ni ile ya zamani.

Mwaka 2018 shirika hilohilo lilitoa hesabu ambayo nataka uisome kwa jicho lako la uhasibu. Kazi za malezi, uuguzi na za nyumbani zisizolipwa huchukua saa bilioni 16.4 kila siku duniani. Ni sawa na watu bilioni 2 wafanye kazi saa nane kwa siku bila kupokea chochote. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo, asilimia 76.2, ni za wanawake. Katika nchi 64 zilizochunguzwa, mwanamke hutumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi hizo, mwanamume saa 1 na dakika 23. Ukipewa vitabu vya kampuni vyenye pengo kama hilo, mwanangu, usingetia saini.

Na hizo ni wastani. Mama yako yuko juu ya wastani kwa mbali. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, usiku na mchana. Hiyo ni mara 12 kwa siku. Kwa miaka miwili ni mara 8,760. Punguza nusu, useme usiku mwingine baba analala vizuri na siku nyingine anakalishwa kwenye kiti. Bado ni zaidi ya mara 4,000 mwanamke mwenye presha ameinua mwili wa mtu mzima. Hospitali wauguzi huifanya kazi hiyo kwa zamu, na zamu ikiisha wanakwenda nyumbani. Yeye tayari yuko nyumbani, na hapo ndipo kosa la lile neno "yuko nyumbani tu" linapoonekana. Kwake nyumbani ni mahali pa kazi, na hana pengine pa kwenda kupumzika.

Kuna nchi moja ambako wanawake waliamua kuonyesha uzito wa kazi hii kwa kuiacha. Tarehe 24 Oktoba 1975, nchini Iceland, takriban asilimia 90 ya wanawake waliacha kazi zao zote kwa siku moja, za mshahara na za nyumbani. Hawakupika, hawakufua, hawakushika watoto. Shule na maduka mengi yalifungwa au yakajikongoja, na akina baba wakaingia maofisini wameongozana na watoto wao kwa sababu hapakuwa na wa kuwaachia. Mwaka uliofuata bunge lao lilipitisha sheria ya usawa wa wanawake na wanaume. Mwaka 1980 nchi ile ikamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi kushika kiti hicho, naye alikuwa mama anayelea binti yake peke yake.

Mama yako hawezi kugoma. Baba yenu angelala na vidonda, watoto wangelala njaa, naye anajua. Basi yeye aliacha kitu kimoja tu alichoweza kukiacha bila mtu kuumia: ile simu ya alfajiri.

Sasa habari ya nyumba. Mliposema baba amewajengea, hamkudanganya, ila mlisema nusu. Baba hakuwa analipa wa kumlelea watoto watano. Hakuwa anarudi kutafuta shule kila alipohamishwa. Mshahara ulioingia kwenye matofali ulibaki kwa sababu kuna mtu alikuwa akifanya kazi ambayo vinginevyo ingelipiwa, na usiku akiongeza kwa cherehani. Hili si wazo langu tu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Majaji walilitambua zaidi ya miaka 40 iliyopita. Nyinyi mliolelewa na mikono hiyo mnayo nafasi ya kulitambua pia, na bila kwenda mahakamani. Kama hati ya nyumba ile ina jina moja tu, hilo ni jambo la kuzungumza na baba yenu kwa upole angali na fahamu zake.

Nimesikia watu wakiyasema haya kwa namna inayomshusha baba. Usifanye hivyo. Baba yako alikesha na shida zake pia, na sasa amelala upande mmoja haufanyi kazi. Kumtaja mama si kumfuta baba.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo watoto wengi wenye nia njema hukosea. Ukishaona ulivyokosa, utatamani kumsifu. Utataka kusimama ukumbini useme mama ni mvumilivu, mama hachoki, mama alijinyima tukala. Umati utalia. Lakini ziangalie sifa hizo vizuri. Ukimwambia mtu hachoki, umemnyima ruhusa ya kusema amechoka. Ukimsifu kwa kujinyima, kesho hawezi kuomba chochote bila kuonekana ameiharibu sifa yake. Nani kama mama, tunasema. Tunaiandika kwenye magari, tunaiimba. Halafu tunamwacha huyo asiye na mfano afue mashuka ya mgonjwa peke yake saa nane usiku. Mama yako anachoka. Presha yake imekuambia. Heshima anayoihitaji ni ya kuambiwa, "Hii ni kazi, ni nzito, na tumekuachia peke yako."

Kwa hiyo msamaha. Nenda mwenyewe. Usiende na kaka, usiende na mumeo, usiende na zawadi, maana zawadi itageuza mazungumzo yawe ya kushukuru, naye atakushukuru ili muyamalize. Nenda siku ambayo huna haraka, na ukifika usiketi sebuleni ungoje kukaribishwa. Ingia alipo. Kama anafua, fua naye. Wengi wetu tunaweza kuongea ukweli mikono ikiwa na shughuli.

Halafu liseme kosa lenyewe, kwa jina lake. "Mama, siku ile hospitali niliulizwa kazi yako nikasema huna. Si kweli. Na uliponiuliza njiani, nilicheka. Naomba unisamehe kwa yote mawili." Kile kicheko usikiache. Nadhani kilimuuma zaidi ya jibu lenyewe, kwa sababu jibu ulilitoa kwa mgeni, kicheko ulimpa yeye. Usiongeze kwamba ulikuwa na haraka. Anajua ulikuwa na haraka, alikuwa pale. Akisema, "Yameisha, mwanangu, wala sikukasirika," usishangilie, na usibishane naye. Mwambie tu, "Hata kama hukukasirika, nilikosa." Kisha nyamaza uendelee kufua. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, na ni kweli, ila aliyeyamwaga anaweza kupangusa sakafu.

Wenzako nao waambie, wiki hiihii. Kaka yako anamwita mama yake mtu asiye na shukrani kwa sababu umemficha chanzo. Kila siku unayonyamaza, mama anabeba lawama yako juu ya mizigo yake mingine. Aibu utaiona. Itapita.

Baada ya hapo, muulize habari za kazi yake. Namaanisha uulize kama vile ungemhoji mtu aliyestaafu baada ya miaka 40 ofisini. Ile safari ya tatu ya kuhama, nani alikwenda kwa mwalimu mkuu, na alisema nini mpaka nafasi zikapatikana? Nguo moja alishona kwa muda gani, na alijuaje atoze kiasi gani? Kikundi chao kilipoishiwa, alifanya nini? Mwekahazina wa zaidi ya miaka 30, mwanangu! Wewe ni mhasibu, na hukuwahi kufungua daftari lake? Mwombe akuonyeshe. Ni watoto wangapi wa mtaani wamezaliwa yeye akiwa ameshika taa? Rekodi sauti yake kwenye simu, kwa idhini yake, na usimkatize.

Hili nalisema kwa uchungu. Mama yangu mimi alifariki kabla sijamuuliza alitulishaje ule mwaka baba alipougua. Tulikuwa saba, na hakuna siku niliyolala bila kula. Nilikuwa na miaka zaidi ya 20 ya kumuuliza, nikawa namuuliza habari za dawa na za wageni. Hakuna mtu aliyebaki anayejua jibu.

Tuje kwenye sherehe. Nianze na aliyeianzisha siku yenyewe, maana kisa chake kinagusa swali lako. Siku ya Mama inayoangukia Jumapili ya pili ya Mei ilitoka kwa Mmarekani aitwaye Anna Jarvis. Mama yake, Ann Reeves Jarvis, alizaa watoto zaidi ya kumi na kuzika wengi wao wakiwa wadogo; wanne tu ndio waliofika utu uzima. Uchungu ule hakuufungia ndani. Katika miaka ya 1850 alianzisha vikundi vya akina mama katika eneo ambalo leo ni jimbo la West Virginia. Walifundishana usafi, wakakagua maziwa yanayouzwa, wakachanga pesa za dawa, na mama akiugua kifua kikuu wakamtafutia wa kumsaidia nyumbani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka, wakauguza askari wa pande zote mbili. Si unamwona mama yako humo, na kikundi chake, na mlango wake unaogongwa usiku wa manane?

Ann alifariki Mei 1905. Mwaka 1908 binti yake alifanya ibada ya kumkumbuka katika mji wa Grafton, akapeleka maua meupe 500, kwa sababu mama yake aliyapenda. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza siku hiyo kwa taifa zima. Anna alisisitiza jina liandikwe kwa umoja, siku ya mama mmoja, mama yako wewe, wala si ya akina mama kwa jumla. Kisha biashara ikaingia. Maua yakapanda bei, kadi zilizochapwa tayari zikauzwa kwa wingi, na Anna akatumia miaka yake iliyobaki, na mali yake, kupigana na wafanyabiashara wa siku aliyoianzisha mwenyewe. Alitaka watoto waandike barua kwa mkono wao. Alifariki mwaka 1948 akiwa hana kitu.

Mimi sina ugomvi na maua wala na kumbi. Nina ugomvi na sherehe inayokuja mahali pa msaada. Jiulize: siku ya sherehe, baba ataachiwa nani? Watoto wa kaka wataogeshwa na nani asubuhi hiyo? Mama aliyealikwa kama mgeni wa heshima ataamka saa kumi alfajiri kumaliza kazi zake ili awahi kusherehekewa. Halafu atarudi usiku, na zamu ya kumgeuza baba itakuwa inamngoja palepale.

Ushauri wangu ni muiache kwa mwaka huu. Kama malipo ya awali ya ukumbi hayarudi, basi yamekwenda, msijadili tena. Pesa iliyobaki, pamoja na mchango wa kila mwezi ambao ninyi watano mtakubaliana na kuuandika, iende kwa msaidizi mwenye ujuzi wa kuuguza, akamsaidie baba. Mchagueni na mama, maana yeye ndiye bosi wa kazi ile. Anajua baba anashikwa wapi haumii, anajua anameza vipi. Msimletee mtu mlangoni mkadhani mmemaliza. Huenda mwanzoni akakataa. Muulizeni anaogopa nini, mkae mumsikilize. Pengine anaogopa baba kushikwa na mkono wa mgeni, na hilo lina njia: msaidizi aanze usiku tu, mama akiwa chumba cha pili, amelala.

Zamu nanyi mziweke. Kila mmoja wa watano, mwisho mmoja wa juma, awe pale na kulala pale. Msiende kama wageni wa kupikiwa. Yule atakayeanza nashauri awe kaka.

Kuhusu kaka, sitazunguka. Mwanamume ambaye wanawe wanalelewa na mama mgonjwa wa presha hana haki ya kumwita mama huyo asiye na shukrani. Inawezekana hana pengine pa kuwaweka kwa sasa. Maisha ya kazi za mbali nayajua. Lakini je, anapiga simu ya kazi za shule? Anajua mmoja wao anaumwa nini usiku? Ana tarehe ya kuwachukua? Mwambieni aje na tarehe, au aje na mpango. Kumkodishia mama ukumbi ni rahisi kuliko hilo, ndiyo maana alianza na ukumbi. Simlaumu kwa kutaka kumfurahisha. Namtaka afanye lililo gumu.

Baba naye mpeni nafasi. Umesema kiharusi kilichukua upande mmoja. Hukusema kimechukua ulimi. Kama anaweza kuongea, hata kwa taabu, mketishe umwonyeshe ile video ya hafla yake. Msiongeze neno. Mwacheni aangalie mkewe anavyopita na sinia. Kama nimeisoma ndoa yao sawasawa, atakuwa na la kusema, na itafaa mama alisikie kutoka kwake hata kama litachukua nusu saa kutoka kinywani.

Siku ya Mama yenyewe, kila mmoja amwandikie barua kwa mkono. Msiandike "asante kwa kila kitu". Andikeni jambo moja alilolifanya, la siku moja, mnalolikumbuka ninyi tu. Wewe unaweza kuandika kuhusu madaftari.

Na kuna jambo la mwisho dogo, usilisahau. Mama ana faili hospitali ile, na mwenye presha hurudi kliniki. Safari ijayo mpeleke wewe. Omba ruhusa kazini siku nzima. Mkifika dirishani, kabla ya jingine lolote, mwambie dada wa mapokezi kwamba kwenye faili hili upande wa kazi mliandika vibaya, na unaomba parekebishwe. Atakuuliza aandike nini. Usijibu. Mgeukie mama, umwache aseme mwenyewe.

Shangazi